Vitumbua vyangu vimeishia pipani mbele ya mwanangu, na aliyevimwaga nyote mnamjua

MamaZai_Columbus:
Jamani, ndiyo natoka shuleni, niko ndani ya gari hata kuwasha siwezi. Ni yule yule. Mwenye kofia ya mchawi, orodha mkononi, na sauti ya kuamsha mtaa. Simtaji, kila shule ya Marekani ina wake.

Leo sherehe ya Halloween, darasa la pili. Watoto wamevaa maboga, mifupa, buibui, mmoja kaja friji kamili ya maboksi. Zai wangu kavaa kanga za bibi yake, kilemba na hina mpaka kwenye viwiko, biharusi wa Tanga. Mimi nimeamka saa kumi alfajiri nikaanga vitumbua. Mchele nimeroweka tangu jana, tui zito, iliki nimetwanga kwa mkono wangu.

Nafika, yule mwanamke ananyanyua kimoja kwa vidole viwili. VIDOLE VIWILI, kama ameokota panya! Ananusa. Anauliza karatasi ya viungo iko wapi. Namtajia: mchele, nazi, sukari, hamira, iliki. Ananijibu vya nyumbani haviruhusiwi, halafu sinia zima puuu, pipani. Zai kasimama pale pale, mkono ameshaunyoosha achukue chake.

Na mezani kuna nini? Keki za rangi ya kijani zinazopaka meno mpaka Krismasi, minyoo ya jelatini, sukari ya kufufua maiti. Hizo salama, zina lebo! Niambie nirudi na sinia langu, narudi nalo. Lakini kwa vidole viwili, mbele ya mtoto?

KakaHouston:
Pole dada. Ila karatasi za mwanzo wa mwaka ulizisoma? Shule nyingi huku hazipokei chakula cha kupika nyumbani, ni mambo ya mzio.

MamaZai_Columbus:
Nimezisoma zote! Wapi zimeandika vimwagwe? Wapi zimeandika vinuswe?

Mla_Bure:
Saa kumi alfajiri unakaangia watoto wanaotaka pipi, na sisi watu wazima tunalala njaa huku Cleveland. Pipa la shule gani hilo, nipo njiani.

ShangaziDMV:
Mama Zai, kama kakataa kwa ajili ya nazi, mpelekee hii: Januari 2025 FDA wenyewe, wale wasimamizi wa chakula na dawa Marekani, waliitoa nazi kwenye kundi la mzio la korosho na lozi. Ila ufuta usijaribu, ni mzio wa lazima kutajwa tangu 2023. Kashata zangu za ufuta zilirudishwa na barua ndefu kuliko hati ya nyumba.

UmmuSalma:
Afadhali nyie mnaongelea nazi. Jelatini ya zile pipi nyingi ni ya nguruwe, hata zile pipi za umbo la punje za mahindi (candy corn) zinazojazwa kwenye kila bakuli huwekwa jelatini. Nikiuliza, mwalimu ananiona mkorofi. Mwaka huu nimeweka boga la rangi ya samawati-kijani mlangoni, lile la kuonyesha tunagawa penseli na vijitabu badala ya pipi. Watoto wa jirani wamenuna.

Mteule_wa_Bwana:
Swali moja tu. Mtoto amefuata nini kwenye sikukuu ya mapepo?

MamaZai_Columbus:
Kafuata wenzake darasani, ni siku ya shule! Turudini kwenye vidole viwili.

ShangaziDMV:
Mteule, wewe na mapepo yako. Mwaka jana kanisa lenu si liligawa pipi kwenye buti za magari tarehe hiyo hiyo 31?

Mteule_wa_Bwana:
Ile ilikuwa sherehe ya mavuno.

BabaJunior_MN:
Mnagombania chakula, mimi nalia na nguo. Dola 45 vazi la buibui, nailoni tupu, la usiku mmoja, na juu yake tumemvalisha koti hata buibui haonekani. Wazee wa Minneapolis bado wanaisimulia Halloween ya 1991, theluji ilipita sentimita 70. Kwa baridi hii, vazi la nini?

KakaHouston:
Hamia Texas mzee, wangu wanatoka jasho ndani ya boga.

UmmuSalma:
Baba Junior, hilo koti ni saizi gani? Wangu limembana na la dukani silimudu.

BabaJunior_MN:
Miaka 7 hadi 8. La Junior la kwanza lipo, zipu nzima. Lipia posta tu.

Mla_Bure:
La mtu mzima je?