Naanzia wapi kusoma ustaarabu wa kale? Na kwanini Ruvu haikuwa kama Naili?

Fundi_Friji_Bagamoyo:

Wakuu habari za saa hizi. Mi ni fundi wa mafriji hapa Bagamoyo, shule niliishia form four kitambo sana, ila kuna kitu kimenikaa kichwani toka mwezi wa pili hakitoki. Nilimpeleka mwanangu Kaole kuona magofu, tumefika kwenye yale makaburi ya nguzo akaniuliza baba huu ndo mji wa kwanza duniani? Nikamwambia hapana, kuna Misri, kuna Babeli, akauliza ipi ilitangulia na walianzaje, nikakosa jibu kabisa.

Toka siku ile kila usiku nikifunga kazi naangalia vidio mpaka bando linakata. Lakini Wasumeri, Waakadi, Ashuru, mafirauni, afu miaka ya KK (kabla ya Kristo) inahesabiwa kinyumenyume, nikiamka asubuhi vyote vimekuwa uji. Naomba mnielekeze naanzia wapi.

Na la pili, kila mahali wanasema miji ilianza kwenye mito, Naili, Tigris na Frati, Indus, Huang He. Sasa sisi tuna Ruvu hapa, Wami hapo, na ndugu zetu wa Tanga wana mto Pangani. Kwanini kwetu haikuwa hivyo?

Mwl_Mstaafu_Tanga:

Mwanangu umeuliza vizuri na huyo mtoto mtunze. Nimefundisha historia miaka mingi huku Tanga, nikupe nilichokuwa nafanya darasani.

Tafuta kamba ya katani mita 50. Kila mita moja ni miaka 100. Ncha ya kwanza iite 3000 KK, ncha ya mwisho iite 2000 yetu hii, basi umeshaua lile tatizo la kuhesabu kinyumenyume, maana sasa unatembea tu mbele kwa miguu yako. Piramidi kubwa la firauni Khufu linakaa kama mita nne na nusu kutoka mwanzo. Kleopatra, yule malkia wa Misri, amekufa mwaka 30 KK, kwahiyo yeye yuko karibu na mita ya 30. Hapo wanafunzi walikuwa wananyamaza wenyewe, kwasababu kila mtu alidhani Kleopatra na piramidi ni watu wa zama moja, kumbe kutoka piramidi mpaka kwake ni hatua 25 na kutoka kwake kuja kwetu ni 20 tu. Msikiti wa Kaole wa karne ya 13 ufunge kitambaa baada ya mita ya 42, mwanao auone na wa kwao.

Halafu rudi mita ya 5, simama pale. Khufu kashajenga. Mohenjo-daro, iliyoko Pakistan ya leo, ina mifereji ya maji machafu mtaa kwa mtaa. Caral kule Peru watu wanajenga majukwaa makubwa ya mawe na hata chungu cha kupikia hawajakijua. Na Kerma, Sudan, mji unaanza kusimama. Wote hapo mita ya 5! Ukisoma nchi moja moja hutaliona hilo.

Uruk ya Iraki ambako maandishi ya mwanzo kabisa yameonekana, yapata 3300 KK, inabidi utoke nje ya kamba kwa hatua tatu. Na Göbekli Tepe ya Uturuki, zile nguzo za mawe zilizosimamishwa na watu ambao hata kilimo walikuwa hawajaanza, yapata 9500 KK, hiyo nilikuwa nampa mtoto mmoja atoke mlangoni avuke uwanja, hatua 65, asimame huko peke yake atupungie mkono.

La pili, usifuate wafalme kwanza, watakuchosha. Fuata kitu kimoja ambacho mikono yako inakijua. Wewe kazi yako ni kuzuia chakula kisioze, basi fuata ghala. Uliza kila ustaarabu, hawa walikuwa wanaweka nini, wapi, na nani ameshika ufunguo. Vile vibao vya udongo vya Uruk unavyoviona kwenye vidio, sehemu kubwa wala si hadithi wala sala, ni hesabu ya shayiri, kondoo, bia, na posho za wafanyakazi. Mtu alikuwa anaogopa mzigo utapotea, akachora alama kwenye udongo mbichi.

Mvuna_Chumvi:

Shikamoo mwalimu. Hiyo ya ghala imenigusa niongeze moja. Mi nafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi hukuhuku Bagamoyo. Tunaingiza maji ya bahari wakati wa bamvua, tunafunga, jua linakula maji, kinachobaki chini ni chumvi nyeupe unakwangua. Yani kazi yangu nzima ni kusubiri maji yaondoke yaache kilichokuwemo.

Sasa nilivyosoma habari za kusini mwa Iraki nikashtuka, wale mabwana walikuwa wanafanya kazi yangu bila kujua. Walichimba mifereji kutoka mto Frati wanamwagilia, maji ya mto yana chumvi kidogo sana huwezi hata kuionja, ila nchi ni bapa, maji hayana pa kutokea, jua kali, mwaka baada ya mwaka chumvi inapanda juu ya udongo. Shayiri inavumilia chumvi kuliko ngano, na wapo wataalamu wanaosema ndo maana ile shayiri ya kwenye vibao inazidi kutawala na ngano inapungua. Marehemu mjomba alikuwa na jaruba la mpunga karibu na mdomo wa Ruvu, mwaka mmoja maji ya bahari yakapanda, miche ikawa na ncha za njano kama imebabuliwa na moto, alishika ule udongo akaupeleka ulimini akakaa chini. Nikisoma habari za Sumeri, yani hiyohiyo kusini mwa Iraki ya kale, mimi namwona mjomba. Chumvi hiyohiyo inayokuhifadhia samaki ndo inakuulia shamba.

Binti_wa_Magofu:

Kaka fundi mi nasoma akiolojia, nijibu la Ruvu maana hakuna aliyeligusa.

Kusini mwa Iraki mvua haifiki milimita 200 kwa mwaka. Bila mfereji hulimi, na mfereji hauchimbwi na familia moja, lazima watu wakusanyike, apatikane wa kupanga zamu ya maji na wa kuandika nani kafanya kazi. Afu hawana mawe, hawana mbao nzuri za kujengea, hawana shaba, wana udongo, matete na mitende. Vingine vyote lazima wakabadilishane na watu wa mbali, na ili ubadilishane uwe na akiba ghalani. Sisi hapa tuna masika na vuli, ukigombana na jirani unahama unafyeka pengine unapanda na mvua inakunyeshea. Hakuna wa kukubana kwenye mfereji wake.

Ila naomba tusikariri kwamba mto ndo kila kitu. Hapo Kaole mji haukujengwa uangalie Ruvu, umeangalia bahari na mikoko, kilichoulisha ni pepo, kaskazi inaleta vyombo, kusi inavirudisha. Yale mabakuli ya Kichina waliyokuwa wanapachika kwenye nguzo za makaburi hayakuja na mto. Na Caral aliyoitaja mwalimu, kitoweo chao kikubwa kilikuwa dagaa wa baharini, watu wa bondeni wanalima pamba ya nyavu, wa pwani wanaleta samaki. Mtu wa Bagamoyo huyo utamwelewa haraka kuliko firauni.

Fundi_Friji_Bagamoyo:

Mwalimu shikamoo, na nyote nawashukuru sana kutoka moyoni. Kamba nimeshanunua na jioni tumeitandaza kuanzia mlangoni, imepita kwa majirani watatu, mwanangu kafunga vitambaa mwenyewe. Alivyofika mita ya 5 kakaa palepale hataki kuondoka, anataka hao wa Kerma kwasababu ni Waafrika na hajawahi kuwasikia. Ghala lao lilikuwa na nini?

Binti_wa_Magofu:

Mwambie ghala lao kubwa lilikuwa linatembea kwa miguu. Ng'ombe. Kuna kaburi moja pale Kerma limezungushiwa mafuvu ya ng'ombe zaidi ya 4,000, yamepangwa safu kwa safu. Na baadaye kabisa, karibu na mita ya 23 ya kamba yenu, mfalme Piye wa Kushi, hukohuko Sudan, alishuka na Naili akaiteka Misri. Afunge kitambaa na hapo.