Naomba ushauri: baba yuko ICU, anapakwa antibayotiki mdomoni

Habari zenu ndugu zangu. Baba yetu amelazwa ICU huku Uholanzi, anapumulia mashine. Kutwa mara 4 nesi anavaa glavu na kumpaka jeli nzito inayonata kwenye fizi na ndani ya mashavu, kisha dawa ya maji inapitishwa kwenye mpira wa puani hadi tumboni. Ni antibayotiki mbili, kolistini na tobramaisini, na dawa ya fangasi, amfoterisini B. Lengo ni kuua bakteria na fangasi kabla hawajashuka kwenye mapafu.

Huku ni kawaida. Utafiti wa ICU 13 za Uholanzi uliochapishwa 2009 ulionyesha vifo vikipungua kidogo. Ila ule wa Australia wa 2022, wagonjwa karibu 6,000, haukuthibitisha tofauti ya vifo.

Kaka yangu, tabibu Tanga, amekuja juu kabisa: kolistini ni dawa ya akiba, ya kutumia nyingine zikishindwa; tukiitumia kwa kinga tunazalisha usugu, yaani bakteria wasiosikia dawa. Moyo wangu hautulii.

Wauguzi na madaktari wa ICU mliomo humu, mngekuwa ninyi mngekubali iendelee? Niulizie vipimo gani vya usugu, na vichukuliwe kila baada ya muda gani? Kesho nakutana na daktari wake.