Meko ya ukutani Njombe inarudisha moshi sebuleni: nirekebishe au nibadili kabisa?

Kipupwe77

Habari wakuu. Naomba ushauri wa mafundi na wanaoishi nyanda za juu. Nyumba iko Njombe. Sebule ni mita 5 kwa 4.5, dari ya jipsamu mita 2.9 kwenda juu, madirisha ya alumini. Kuna meko ya kuotea moto ya ukutani yenye dohani ya tofali za kuchoma. Moto ukiwashwa moshi unatoka kwa mbele chini ya linta (boriti iliyo juu ya mdomo wa meko), hasa dakika 20 za mwanzo, na tena kila upepo unapovuka paa. Vipimo:

- mdomo wa meko: upana sm 100, kimo sm 80, kina sm 55
- njia ya moshi kwa ndani: sm 23 kwa 23
- kutoka sakafu ya meko hadi ncha ya dohani: mita 4.2
- dohani inatoboa paa mita 2 kutoka kwenye kofia ya paa, na ncha yake iko sm 30 chini ya usawa wa kofia

Kuni ni miwati na misindano (paini), zimekatwa Aprili mwaka huu. Fundi aliyejenga anasema tufunge kofia ya kuzunguka juu ya dohani. Mwingine anasema ziba kila kitu, nunua hita ya umeme. Jiko la mkaa la kuingiza chumbani usiku nimelikataa. Nifuate lipi?

MwashiNyanda

Mkuu, jibu limo kwenye vipimo vyako. Mdomo ni 100 × 80, yaani sm za mraba 8,000. Njia ya moshi ni 23 × 23, yaani 529. Ukigawanya unapata moja ya kumi na tano. Kwa dohani ya mraba isiyopungua mita 4.5, njia ya moshi inatakiwa iwe angalau moja ya kumi ya mdomo. Na Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 20 kuliko Dar, kwa hiyo mvuto wa dohani nao unapungua. Huko kwenu usiishie kwenye kumi, lenga moja ya nane au tisa. Meko yako inamwaga moshi mwingi kuliko dohani inavyoweza kumeza.

Kosa la pili ni ncha. Ndani ya mita 3 kwa ulalo, ncha ya dohani inatakiwa ipite kitu chochote, kofia ya paa ikiwemo, kwa sm 60. Yako iko sm 30 chini. Upepo unaporuka paa unashuka upande wa pili na kuusukuma moshi urudi. Hiyo ndiyo maana ya "kila upepo unapovuka".

Usivunje kitu bado. Fanya majaribio matatu, usiku mmoja unatosha:

1. Washa moto, moshi ukianza kutoka kwa mbele fungua dirisha lililo karibu kwa sm 10. Moshi ukipungua, nyumba imebana mno, dohani inakosa hewa ya kuvuta.
2. Dirisha likiwa bado wazi, chukua kipande cha bati chenye upana wa mdomo, kishike juu chini ya linta (vaa glavu za ngozi), kisha kishushe taratibu. Pale moshi unapoacha kutoka, pima umeshusha sm ngapi. Kimo kinachobaki chini ya bati ndicho kimo sahihi cha mdomo wako.
3. Funga dirisha, bati likiwa palepale. Moshi ukirudi, unahitaji vyote viwili: mdomo mdogo na tundu la hewa.

Kabla ya kuwasha, choma gazeti lililokunjwa juu kabisa karibu na koo la dohani (mwanya ambapo moshi unatoka mekoni kuingia dohani) kwa dakika moja au mbili. Dohani iliyo ukuta wa nje usiku wa Juni imejaa hewa baridi nzito, na hewa hiyo inashuka. Sehemu ya zile dakika zako 20 inatokana na hapo.

Soketi13

Kuhusu hita ya umeme, tupige hesabu kabla ya kusema ziba. Sebule yako ni mita za ujazo 65 hivi. Kwa kuta za tofali zisizo na kihifadhi joto, weka wati 40 kwa kila mita ya ujazo, unapata karibu kilowati 2.6. Ukiwasha kuanzia saa 12 jioni hadi saa 4 usiku ni uniti (kilowati-saa) 10. Kwa bei ya kawaida ya takribani shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, ni kama 3,560 kwa jioni, zaidi ya laki moja kwa mwezi. Na kama Luku yako iko kwenye kundi la watumiaji wadogo, zile uniti 75 za bei nafuu zitaisha siku ya nane.

Usidanganywe na muuzaji kwamba hita ya mafuta "haili umeme". Uniti moja inatoa joto lilelile, iwe hita ya mafuta, ya feni au ya nyaya nyekundu. Tofauti ni jinsi joto linavyokufikia: ya mafuta inachelewa kupoa, ya nyaya inakuchoma magoti tu. Kifaa pekee kinachobadilisha hesabu ni AC ya inveta yenye uwezo wa kupasha joto. Hiyo inahamisha joto kutoka nje, uniti moja inaweza kukupa joto la uniti tatu kwa baridi ya Njombe. Lakini angalia kabla ya kulipa: AC nyingi madukani ni za kupoza tu.

Hita ya wati 2,000 inavuta karibu ampea 9 kwa saa nyingi mfululizo. Chomeka kwenye soketi ya ukutani yenye waya wa mm 2.5, kamwe si kwenye ekstensheni ya sokoni. Plagi ikiwa ya moto hadi huwezi kuishika, skrubu za soketi zimelegea. Zima swichi kuu, kaza, na soketi iliyoanza kuwa ya kahawia ibadilishe.

MamaKitulo

Na hita ya gesi ya magurudumu, ile yenye mtungi mgongoni? Inauzwa sana sasa.

Soketi13

Inapasha haraka, mama, lakini haina dohani, kila inachochoma kinabaki chumbani. Ya kilowati 4.2 inakula gramu 300 hivi kwa saa ikiwa kwenye moto mkubwa, mtungi wa kilo 15 unakwenda saa 50. Kila kilo ya gesi ikiungua inatoa kama lita 1.6 za maji kwa mvuke. Maana yake ni karibu nusu lita kila saa: vioo vinatoka jasho, kuta zinaota ukungu nyuma ya makabati. Ukiacha dirisha wazi kidogo (na ni lazima), sehemu ya joto inatoka nje. Sebuleni kwa saa moja, sawa. Chumba cha kulala, hapana. Kila ukibadilisha mtungi paka povu la sabuni kwenye maungio ya regulata na mpira. Likitoa mapovu, funga valvu.

Jiko la mkaa ndani ni baya zaidi, na mkaa ulioshika vizuri usio na moshi ndio unaotoa gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi bila wewe kunusa chochote. Haina rangi wala harufu, na kuacha dirisha wazi kidogo hakuifanyi salama.

Kipupwe77

Nimefanya majaribio. Kufungua dirisha kulipunguza moshi kama nusu. Bati lilipofika sm 22 chini ya linta, dirisha likiwa wazi, moshi ukaacha kabisa. Nilipofunga dirisha ukarudi kidogo kidogo kwenye kona. Gazeti limesaidia sana mwanzoni. Vipi kuhusu kofia ya kuzunguka?

MwashiNyanda

Kofia inazuia mvua na inasaidia upepo wa kushuka. Haipanui njia ya moshi. Ukiiweka leo utapunguza tatizo la upepo na kubaki na la njia ndogo ya moshi na la hewa, na masizi yakijaa kwenye bearingi zake inaacha kuzunguka. Fedha hiyo nunua tofali.

Matokeo yako yanakubaliana na hesabu: 100 × 58 ni 5,800, moja ya kumi na moja. Hapo umefika pa kupumulia tu. Mimi ningefanya mdomo uwe upana sm 75, kimo sm 60. Hiyo ni 4,500, na 529 inakuwa moja ya nane na nusu. Kazi yenyewe:

Inua sakafu ya meko kwa sm 20, bado linta inabaki palepale. Hii ni nafuu kuliko kugusa linta, na moto unapanda usawa wa magoti ya aliyeketi. Punguza upana kwa tofali za pembeni, lakini usizijenge sambamba. Zisogeleane zikielekea nyuma, upana wa nyuma uwe sm 50 hivi, ili joto lirushwe sebuleni. Kina kipunguze hadi sm 42. Ukuta wa nyuma upande wima sm 35, kisha uiname kuja mbele.

Koo ndiyo sehemu inayokosewa zaidi, fundi wengi huacha shimo lote wazi kama pango. Liwe sm 20 juu ya ukingo wa chini wa linta, kina chake sm 11 tu, upana sawa na mdomo. Nyuma ya koo acha rafu bapa. Hewa baridi inayoshuka inagonga pale na kugeuka. Sehemu ya ndani ya linta ipige plasta laini yenye mviringo, kona kali inarudisha moshi.

Ndani ya meko usitumie udongo wa saruji tupu, utapasuka msimu wa kwanza. Tumia udongo wa kichuguu na mchanga, viungo vyembamba vya mm 5.

Juu, ongeza dohani sm 90. Utakuwa sm 60 juu ya kofia ya paa na jumla mita 4.9 kutoka sakafu mpya ya meko. Wakati fundi yuko juu, mwambie aangalie mbao za kenchi: ziachane na tofali za dohani angalau sm 5, na pengo lisijazwe karatasi wala mabaki ya mbao.

Hewa: meko ya wazi inahitaji tundu la nje la karibu sm 20 kwa 20, liwe mbele ya meko chini, na wavu wa panya.

Chuma_na_Moto

Hapo ndipo ninapotofautiana na Mwashi kidogo. Tundu la 20 × 20 linaloingiza hewa ya Juni ya Njombe sebuleni! Meko ya wazi inakupa asilimia 15 hivi ya joto la kuni. Jiko la chuma lenye mlango linakupa 65 au zaidi. Kilo moja ya kuni kavu ina kama uniti 4. Kwa uniti 10 za jioni, meko ya wazi inakula kilo 16 na zaidi, jiko la chuma kilo 4. Na kwa tundu la hewa, bomba la inchi 4 linatosha.

Kachomeleshe jiko la bamba la mm 5, ndani ulaze tofali za moto, mlango uwe na kamba isiyoungua, liingie ndani ya meko hiyohiyo. Bomba la moshi la inchi 6 lipande ndani ya dohani hadi juu kabisa, usiishie kwenye koo, vinginevyo moshi utapoa kwenye njia pana na kuacha lami. Bomba liwe la chuma cheusi au cha pua. Lile la mabati likipata moto mkali linatoa mvuke wa zinki, na mvuke huo unaleta homa. Vipande viunganishwe cha juu kikiingia ndani ya cha chini, ili lami ikichuruzika ibaki ndani.

MwashiNyanda

Sipingi. Kama anataka joto, jiko la chuma. Kama anataka kuona moto na wageni, meko. Dohani ipandishwe sm 90 kwa vyovyote.

MamaKitulo

Hamjagusa kuni. Zilizokatwa Aprili haziwezi kuwa kavu Juni, ukungu wa huku unazilowesha tena. Miwati ni kuni nzuri sana, nzito, inakaa na kaa. Ipasue unene wa sm 10, ipange juu ya magogo chini ya bati pande zikiwa wazi, ipitishe kiangazi cha Agosti hadi Oktoba, uitumie mwakani. Ukitaka uhakika pima kipande kimoja kwenye mizani kila wiki mbili. Uzito ukiacha kushuka, tayari. Misindano iwe ya kuwashia tu. Ikiwa mbichi inapaka dohani lami nyeusi inayong'aa, na hiyo ndiyo inayowaka usiku na kuunguruma. Dohani isafishwe kwa brashi ya waya kabla ya Mei na tena katikati ya msimu.

Kipupwe77

Nimeelewa. Dohani naipandisha wiki hii, jiko la chuma nitalichomelesha mwezi ujao. Nikishajengea ndani, niwashe baada ya siku ngapi?

MwashiNyanda

Acha siku 7 bila moto. Kisha siku tatu za moto wa vijiti tu, nusu saa kila siku, ukiongeza kidogo. Ukiona mvuke unatoka kwenye viungo, zima, bado kuna maji. Jivu acha sm 2 chini, usifagie lote. Linahifadhi kaa na kulinda sakafu mpya.