Naomba ushauri: asili ya neno "butterfly"

Ndugu wanajamvi, mwanafunzi wangu wa kidato cha pili ametafsiri "butterfly" kwenye daftari lake kuwa "nzi wa siagi", akaniuliza siagi imeingiaje. Dai kwamba neno hilo ni "flutter by" lililogeuzwa silikubali, kwa sababu Kiingereza cha Kale tayari kilikuwa na "buttorfleoge". Wapo wanaolihusisha na vipepeo wenye rangi ya njano ya siagi, na wapo wanaotaja imani ya kale ya Ulaya kwamba vipepeo huiba maziwa na siagi, maelezo ninayoyaegemea kwa kuwa hata "Schmetterling" la Wajerumani huhusishwa na "Schmetten", yaani krimu. Neno letu "kipepeo" linatokana na kupepea tu, nalo halinisumbui. Je, nimfundishe maelezo yote mawili, au nichague moja?