Cherehani ya mablanketi ya viraka: Butterfly ya mguu au ndogo ya umeme?

VirakaTu:
Wakuu, habari za jioni. Niende moja kwa moja kwenye mada. Nataka kununua cherehani ya kushonea mablanketi ya viraka vya kitenge na kanga, yale ya tabaka tatu yenye picha na nakshi, mengine mtu anayatundika ukutani badala ya kujifunika. Nimebakiwa na mawili: Butterfly mpya ya mguu, au ndogo ya umeme ya mtumba, Brother ama Janome. Nichukue ipi? Mwisho wa mwezi nataka niwe nimeshalipa. Nawasilisha.

FundiKichwaCheusi:
Mleta mada, umetupa nusu ya habari. Bajeti? Uko wapi, na umeme wa huko ukoje? Unajua kushona au ndiyo unaanza? Hayo mablanketi ni ya ukubwa gani? Cha kutundika cha futi tatu kwa tatu na cha kitanda cha sita kwa sita ni kazi mbili tofauti kabisa.

Kibuyu:
Uzi bila picha haunogi. Weka picha.

BintiDarajani:
Butterfly, funga mjadala. Mama yangu katusomesha wanne kwa Butterfly moja, mpaka leo ipo ukumbini inadundadunda. Mafuta kidogo kila wiki, mkanda ukilegea unaukata unaufunga tena. Hizo za plastiki mtazilia.

VirakaTu:
Samahani wakuu. Nipo Morogoro, bajeti laki sita. Nimeshona sare za shule miaka mitatu kwa cherehani ya kuazima. Oda ya kwanza ni ya sita kwa sita. Umeme upo, ila mnajua wenyewe.

FundiKichwaCheusi:
Sasa tunaongea. Butterfly inashona mshono mnyoofu tu, zigizaga usiitarajie. Kwa kuunganisha viraka hilo si tatizo, mshono mnyoofu ndio unaoutaka. Inatoboa kitenge, blanketi la katikati na kitambaa cha chini bila kulalamika ukiweka sindano 90/14. Vipuri kila mtaa. Baadaye ukitaka unaifunga mota.

Shida iko kwenye kupitisha nakshi. Ukitaka kuzungusha kitambaa utakavyo, kama unachora kwa kalamu, yale meno ya chini yanayosukuma kitambaa lazima yashuke. Kabla hujalipa muulize muuzaji kama kichwa hicho kina kifundo cha kuyashusha. Kama hakina, kata kadi ngumu, itoboe tundu la sindano, ibandike juu ya meno. Nimefanya hivyo miaka.

Dada_wa_Leeds:
Mimi napingana nanyi kwa heshima zote. Nina Janome ya umeme. Kuna mguu wa ziada unaoufunga, unavuta kitambaa cha juu sambamba na meno yanavyovuta cha chini, kwa hiyo tabaka hazitelezi wala kukunjamana. Na kasi naiweka pole nikitaka kupinda kona. Kwenye cherehani ya mguu unafikiria mguu, mkono na kitambaa kwa wakati mmoja.

VirakaTu, kaangalie kazi za Bisa Butler, Mmarekani ambaye baba yake ni Mghana. Anatengeneza picha za watu kwa ukubwa wa mtu kamili, kwa vitenge, vitambaa vingine na uzi. Ngozi anaijenga kwa bluu, zambarau na wekundu, na bado unamwona mtu anakutazama. Mwaka 2020 kazi zake zilioneshwa Art Institute of Chicago. Ukiziona utajua kwa nini nakwambia usijibane kwenye mshono mnyoofu.

BintiDarajani:
Leeds umeme haukatiki, shoga.

VirakaTu:
Nilisahau kitu. Kuna jamaa analeta cherehani ya umeme kutoka Marekani, anasema haijatumika sana, laki nne na nusu. Aina sikuiuliza.

MamaK_Tanga:
Ngoja nikusimulie, maana nimeona "Marekani" nikashika kichwa.

Mwaka 2019 nilinunua moja hivyo hivyo, mnadani. Nyeupe, nzuri, mishono kumi na kitu ya kuchagua kwa kifundo. Nikamwambia muuzaji ijaribu nione, akasema hapa hakuna umeme mama, amini tu. Nikaamini. Nyumbani nikachomeka, nikakanyaga. Wanangu, ilikimbia! Sindano siioni, naona ukungu tu. Nilicheka peke yangu, nikasema leo nimepata jini la kushona. Haikufika dakika. Harufu ya kuungua, moshi kwenye kanyagio, kimya.

Fundi alipoipindua akanionesha kibandiko chini ya kitako: volti 120. Zetu ni 230. Ningenunua transfoma kwanza ningekuwa nayo mpaka leo. Mota ya kubadilisha ilikuwa karibu nusu ya bei niliyonunulia, na kanyagio lake hatukulipata.

Sasa nilikuwa nimeshapokea malipo ya awali ya blanketi la harusi, na pesa ndiyo hiyo imeungua. Tulikaa mimi na shangazi kwenye mkeka tukalimalizia kwa mkono usiku nne. Nakshi za katikati zilienda upogo, bibi harusi akazisifia akidhani ndiyo mtindo. Kwa hiyo VirakaTu, pindua, soma kibandiko, halafu ndipo utaje bei.

Kibuyu:
Hiyo iliyoungua bado unayo? Picha.

MzeeSindano:
Mnahangaika na mota, sindano ya mkono ni mia. Wasidi wa Karnataka kule India, watu wenye asili ya Afrika, wana mablanketi yao wanayaita kawandi. Yote kwa mkono, kwa nguo kuukuu. Wanaanzia pembeni, wanazunguka na mshono wa kupenyeza mpaka wanakutana katikati. Kila pembe wanashona ua la vitambaa vilivyokunjwa, bila hayo wanasema blanketi liko uchi. Nani kawauliza wana Janome?

Na kofia zetu za viua je? Miezi inapita kwenye kofia moja. Ya mashine ni kofia jina tu.

BintiDarajani:
Hapo kwenye kofia nakuunga mkono mzee wangu. Kiua cha mkono ukikipitisha kidole unakisikia.

FundiKichwaCheusi:
Mzee shikamoo. Lakini oda ya sita kwa sita kwa mkono ataimaliza lini, na mteja anasubiri?

MzeeSindano:
Marahaba. Mteja mwenye haraka akanunue blanketi la dukani.

Dada_wa_Leeds:
Swali la pembeni: VirakaTu, kanga unazikataje? Mimi naacha jina lote, nalizungushia viraka vingine.

VirakaTu:
Nakata popote, natafuta ua na pindo tu. Jina likikatika limekatika.

BintiDarajani:
Astaghfirullah. Kanga bila jina ni pazia.

MamaK_Tanga:
Niliwahi kukata "Japo sipati tamaa sikati" nikabaki na kiraka kimeandikwa "sikati", na mkasi uko mkononi. Mume wangu hajaacha kunicheka. Ila dada, kabla ya majina, fua kwanza. Loweka kila kanga peke yake, nyekundu hasa, mpaka maji yatoke meupe, halafu piga pasi ndipo ukate. Ukishona kwanza, siku ya kufua lote linakuwa waridi, na viraka vya pamba vinarudi huku vya poliesta vimegoma.

FundiKichwaCheusi:
Na la katikati utaweka nini? Sponji usiweke, ukishona linatanua. Blanketi jepesi la mtumba linatosha. Pia kumbuka sita kwa sita ukilikunja roli halipiti vizuri chini ya mkono wa cherehani yoyote ndogo, iwe Butterfly iwe Janome. Lishone kwa vipande vinne, kila kimoja na tabaka zake, ndipo uviunganishe.

MzeeSindano:
Kwa mkono roli halipiti chini ya kitu chochote.

VirakaTu:
Nimerudi. Jamaa wa Marekani nimemwambia apindue cherehani apige picha kibandiko, tangu jana kimya. Butterfly niliyoiona dukani ina kifundo, lakini muuzaji mwenyewe hajui ni cha nini. Viraka nimeloweka, beseni la tatu bado maji ni mekundu.

Kibuyu:
Beseni nalo picha hakuna?

Dada_wa_Leeds:
MamaK, lile blanketi la harusi lenye nakshi za upogo, wenyewe bado wanalo? Natamani kuliona.