OpenAI wanataka tuwaamini wakati waliwafunga midomo wafanyakazi wao wenyewe??

Wakuu leo mnisamehe, nina hasira. Kila nikipita humu nakuta mtu anaisifia OpenAI, hawa wenye ChatGPT, eti wako siriasi na usalama, hivi mmeshasahau ya 2024?

Julai 2023 walianzisha kitengo cha kudhibiti AI itakayotuzidi akili, wakaahidi kukipa asilimia 20 ya uwezo wa kompyuta waliokuwa nao, juu wakawekwa Ilya Sutskever na Jan Leike. Mwaka haujaisha, Mei 2024 wote wawili wakasepa wiki moja na kitengo kikavunjwa. Leike hakumung'unya maneno, alisema kupata hizo kompyuta ilikuwa mbinde na usalama umewekwa pembeni, kinachotazamwa ni bidhaa za kung'aa tu.

Haya hayo tuyaache, kilichonichefua ni kwamba ukiacha kazi pale ulikuwa unaletewa karatasi usaini kwamba hutaisema vibaya kampuni maisha yako yote, na hata kusema kuna karatasi kama hiyo huruhusiwi, ukigoma zile hisa ulizozitolea jasho miaka yote zinaweza kupotea. Jamaa mmoja, Daniel Kokotajlo, aligoma, na hizo hisa kwa maelezo yake zilikuwa kama asilimia 85 ya mali ya familia nzima! Wangapi humu wangeweza? Wengi walisaini wakanyamaza, na siwalaumu, ada ya watoto haisubiri.

Mambo yalipowekwa hadharani Sam Altman, bosi mkuu wa OpenAI, akaja na "naona aibu, sikujua". Hukujua nini bosi? Mtandao wa habari wa Vox wakaonyesha nyaraka za kampuni inayoshika hizo hisa, kipengele cha kunyang'anya kimo na saini yako imo. Ndo wakafuta fasta, baada ya kuumbuka.

Na bodi iliyothubutu kumtimua Novemba 2023 si mliona, siku tano tu jamaa karudi, wajumbe karibu wote wakaondoka wao.

Halafu 2025 huyohuyo analalamika Meta, wenye Facebook, wanawarubuni watu wake kwa dola milioni 100, wakati vijana wa Nairobi waliochuja uchafu wa kunyanyasa watoto ili ChatGPT iwe na adabu walikuwa wanalipwa chini ya dola 2 kwa saa kupitia kandarasi, jarida la TIME waliandika yote.

Na msije na "kama hutaki usitumie", kazini kwetu tumeamriwa na mafaili ya wateja tuyaingize kwenye hiyo ChatGPT. Nikiuliza yakivuja anawajibika nani, naambiwa nina wivu na teknolojia.