Mashine ya mkopo au randa ya mkono? Mafundi wa fanicha, nisaidieni

Seremala_Kawangware:

Habari za jioni mafundi. Kuna jambo limeninyima usingizi tangu Jumapili, siku ya kikao cha chama chetu.

Karakana yangu ni ya mabati, iko Kawangware. Ufundi nilipewa na mjomba, aliyeunda fanicha kando ya Barabara ya Ngong miaka mingi kabla barabara haijapanuliwa. Aliniachia randa mbili za chuma, ndefu na fupi, misumeno miwili, patasi tano, na jiwe la kunolea lililolika katikati mpaka limebonyea kama kijiko. Mimi nimeongeza drili ya stima, basi.

Meza ya kulia ya watu sita, mvule mtupu, nauza 42,000 bila viti. Inanichukua siku 11. Nikishalipa mbao, gundi, vanishi na kodi ya karakana, nabaki na kama 9,000. Gawanyeni wenyewe kwa siku hizo.

Sasa chama kimekubali kunikopesha 180,000 ninunue mashine iliyotumika, ile inayopiga randa, kupasua na kutoboa matundu kwa mota moja. Nitarudisha 17,000 kila mwezi kwa mwaka mmoja.

Kinachonitatiza ni hiki. Mama mmoja wa Kileleshwa alipokuja kuona meza yake, hakupapasa juu. Alipitisha kiganja chini ya ubao, akayahisi yale mawimbi madogo yanayoachwa na randa, akasimama hapo kidogo kabla ya kusema neno. Halafu akalipa bila kuomba apunguziwe. Naogopa nikileta mashine nitakuwa sawa na kila duka lenye fanicha. Lakini mgongo nao unalalamika, na watoto ni wawili.

Kuna yeyote hapa anayeishi kwa kazi ya mkono tupu?

Mzee_wa_Patasi:

Kijana wangu, hongera kwa kutunza zana za mjomba. Nimo katika kazi hii tangu 1988, nilianzia Gikomba nikifagia maranda, kwa hivyo nivumilie nikiandika kirefu.

Kwanza tuuangalie huo mkopo. Kwa siku 11 kwa meza, wewe unaunda meza mbili kwa mwezi, unabaki na 18,000. Chama kinataka 17,000. Ili ule, ni lazima uunde nne. Mashine itakuwezesha kuunda nne, sikatai. Swali ni je, una wateja wa meza nne za mvule kila mwezi? Mashine haileti mteja, na siku ya kulipa haingoji mtu.

Pili, chukua kalamu. Meza ijayo andika kila saa umeitumia kufanya nini. Mimi niliandika kwenye ukuta wa karakana kwa chaki, mwaka ambao bega lilianza kunisumbua. Niligundua zaidi ya theluthi ya jasho langu lilikuwa linaishia kwenye kuutoa ubao ghafi kutoka ulivyopasuliwa mpaka uwe umenyooka na wenye unene mmoja. Kazi hiyo mteja haioni. Ukimaliza hakuna alama yoyote ya kuonyesha kwamba ulikuwa wewe au mota.

Tangu siku hiyo sijaifanya tena kwa mkono, na mashine sijanunua. Kila yadi kubwa ya mbao ina mtu wa mashine anayelipwa kwa futi. Napeleka mbao zangu asubuhi, nasimama palepale nikiangalia, narudi nazo mchana zimenyooka pande nne. Namlipa, namlipa wa mkokoteni, nabaki na mgongo wangu. Mota ikiungua ni yake.

Lakini usimwachie amalize. Mwambie akuachie milimita moja juu ya kipimo chako. Mvule nyuzi zake hupishana, mstari huu unaelekea kulia, wa pembeni unaelekea kushoto. Visu vya mashine vinakwenda upande mmoja tu, kwa hivyo mstari mmoja unatoka laini na jirani yake unanyofolewa, unabaki na vishimo vidogovidogo. Kwa mbali huvioni. Ukipaka vanishi vinajitokeza vyote kama ndui. Hapo ndipo randa ya mjomba inapodai mshahara wake: inoe mpaka ikate nywele za mkono, kisu kichungulie kwa unene wa karatasi ya sigara, uende mshazari. Unasikia sauti inabadilika, inaacha kukwaruza, inaanza kupumua. Palipokataa kabisa maliza na kipande cha bati la msumeno mkuukuu, ukilivuta kwako.

Na mvule huficha mawe. Sisemi kwa mfano. Mti ukijeruhiwa, mara nyingi chokaa ngumu hujikusanya ndani yake. Nilishuhudia kisu cha mashine kikikutana na jiwe kama hilo, cheche zikatoka, na kila ubao uliopita baadaye siku ile ulikuwa na mstari mmoja ulioinuka kama mshipa. Mwenye mashine alilia. Kwa mkono, kisu kikipata pengo unasaga kwa pembe ya nyuzi 25, unanoa kwa 30, baada ya nusu saa uko kazini.

Viungo vya ulimi na tundu endelea navyo kwa patasi. Kwa meza moja au mbili, muda wa kuipanga mashine ni karibu sawa na wa kuchonga.

Vitanda_Kariobangi:

Mzee amesema vizuri lakini mimi ninatoka upande mwingine. Naunda vitanda vya saiprasi, vya 5 kwa 6, na nina mashine tatu. Mteja wangu hapapasi chini. Anauliza bei, anauliza kitapandaje ngazi hadi ghorofa ya nne. Tangu marufuku ya Februari 2018 ya kukata miti katika misitu ya serikali, saiprasi ilipanda bei mno, na ningekuwa nafanya kwa mkono ningefunga. Kwa hiyo amua kwanza unamuuzia nani. Ukitaka soko langu, chukua mkopo. Ukitaka la huyo mama wa Kileleshwa, 42,000 ni bei ya kujiumiza, ongeza.

Dada_Msasa:

Mimi ni wa vanishi na msasa, karakana ya watu wanne huko Umoja, nimekaa na hizo mashine za mota moja kwa miaka sita. Naomba uyasikie yale muuzaji hatakuambia.

Uliza kama mota yake inataka stima ya fezi tatu. Yetu ilitaka, na jengo lilikuwa na moja, tukakaa wiki saba tukingoja huku deni likitembea.

Vumbi. Randa ya mkono inatoa maranda, yanaanguka chini, unafagia, mwenye kuku anayachukua. Mashine inatoa unga unaoelea, na wa mvule unawasha pua na macho. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliorodhesha vumbi la mbao mwaka 1995 kuwa linasababisha saratani kwa binadamu. Kwa hivyo kwenye ile 180,000 ongeza barakoa za kweli na feni ya kuvuta vumbi.

Na ukiajiri kijana wa kusukuma mbao, akiumia ni juu yako. Sheria ya mafao ya majeraha kazini ya 2007 inataka mwajiri awe na bima. Mwenzetu mmoja alipoteza ncha za vidole viwili kwa kipande kifupi kuliko kiganja chake. Kipande kama hicho kifanye kwa mkono, kaka, hata uwe na mashine kumi.

Seremala_Kawangware:

Asanteni sana. Nimenyamaza wiki tatu kwa sababu nilikuwa naandika saa, kama Mzee alivyoniagiza.

Meza ya kwanza, yote kwa mkono: siku 11, na randa ya kunyoosha peke yake ilikula siku nne na saa mbili. Ya pili nilipeleka mbao yadi. Randa na mkokoteni vilinigharimu 1,150, meza ikaisha siku ya saba jioni. Nimebaki na 7,850 badala ya 9,000, lakini kwa siku saba. Chini ya ubao nilipita na randa fupi makusudi, yale mawimbi yapo.

Chama nimewaambia mkopo wampe mwingine kwanza. Meza ijayo, ya ndugu yake yule mama, nimeitajia 50,000 na ametuma nusu kwa M-Pesa.

Mzee, swali moja limebaki. Jiwe langu limebonyea, kisu kinatoka na tumbo. Ninunue jipya?

Mzee_wa_Patasi:

Usinunue. Tafuta kioo kinene kwa mafundi wa madirisha, kipande kilichobaki. Kiweke mahali palipo sawa, tandika msasa wa maji namba 120, mwagia maji. Lichore jiwe mistari ya penseli uso mzima, kisha lisugue juu ya msasa. Mistari ya kandokando itafutika mapema, ya katikati itakawia. Usiache mpaka ule wa katikati uondoke.